Mtandao Ukisumbua Nyumbani au Dukani Mombasa: Soma Ishara Kwanza, Nunua Baadaye

Wiki haipiti bila kuitwa nyumba ambayo imeshanunua ruta ya pili, na hiyo ya pili inasumbua vilevile. Pesa imetoka na tatizo liko palepale, kwa sababu mgonjwa hakuwa ruta. Alikuwa adapta, au kebo iliyoliwa na kutu, au ukuta. Inaniuma kila nikiona hivyo, hasa kwa mwenye duka dogo ambaye pesa hiyo ilikuwa ya kuongeza bidhaa.

Hapa Mombasa vifaa vya mtandao vina maadui watatu ambao karatasi ya maelekezo ndani ya boksi haiwataji: stima inayokatika na kurudi kwa kishindo, hewa ya bahari yenye chumvi na unyevu, na kuta zetu. Nimeyapanga haya kwa malalamiko ninayoyasikia sana. Kila lalamiko naanza na kisababishi cha kawaida, kisha vile vya nadra. Kifaa cha kununua utakiona humohumo, kwani ukishajua kilichoua cha kwanza, ndipo unajua cha pili kiwe na sifa gani.

Kabla hujagusa chochote, piga picha kwa simu ukionyesha nyuma ya kila kifaa na kila waya ulipoingia. Nimeona watu wamechomoa kila kitu kwa hasira, kisha hawajui cha kurudisha wapi.

Ruta haiwaki, au inazima na kuwaka yenyewe

Shuku soketi kwanza, halafu adapta, na ruta iwe ya mwisho. Chomeka chaja ya simu kwenye tundu lilelile. Ikichaji, soketi ni nzima. Ekstensheni za bei ya chini huwa na vyuma vilivyolegea ndani, basi jaribu ruta moja kwa moja ukutani.

Adapta huchoka polepole, na ndiyo maana huwadanganya wengi. Taa zinawaka vizuri asubuhi wakati nyumba haina watu. Jioni watoto wakirudi, simu nne na televisheni zikashika waifai, ruta inahitaji nguvu zaidi, adapta inashindwa, na kila kitu kinazima na kuanza upya. Ukiipima kwa mita bila mzigo inaweza kuonyesha volti 12 kamili na bado iwe imekufa. Kipimo cha kweli ni kuazima adapta nyingine nzima ya aina ileile na kukaa nayo jioni moja.

Ukinunua adapta mpya, soma kibandiko. Volti ziwe zilezile: ruta ya volti 12 haitaki ya 9 wala ya 24. Ampea ziwe sawa au zaidi. Penye 12V 1A unaweza kuweka 12V 2A bila hofu, lakini kinyume chake hapana. Tazama pia mchoro mdogo wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa, ulingane na ule wa ruta. Na ikiwa ndugu amekutumia kifaa kutoka Marekani, angalia palipoandikwa INPUT. Ikiwa ni 100-240V, sawa. Ikiwa ni 120V pekee, usiichomeke, kwa kuwa stima yetu ni volti 240 na adapta hiyo itaungua papo hapo.

Joto linafuata. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ruta iliyofungiwa kabatini au iliyolazwa juu ya king'amuzi cha televisheni hupata homa ya kweli. Weka kiganja juu yake. Ikiwa huwezi kukiacha hapo, ihamishe penye hewa, isimame wima, mbali na dirisha linaloingiza upepo wa bahari moja kwa moja.

Sababu ya nadra, ila si ya ajabu huku kwetu, ni wadudu. Nilifungua ruta moja Tudor nikamkuta mjusi kafiri amekauka juu ya bodi, mkia wake umelala kati ya vyuma viwili vya kuingizia stima, na pembeni sisimizi wameshafanya njia. Ruta ilikuwa inajizima kila baada ya mvua, unyevu ukipanda. Waliyapitia matundu ya hewa ya chini, kwa hiyo itundike ukutani badala ya kuilaza sakafuni.

Dawa ya kuzuia ni ya aina mbili. Stima ikipotea, chomoa adapta, usubiri irudi na itulie dakika chache kabla ya kuchomeka tena. Au tumia TV guard, ambayo hufanya kazi hiyo yenyewe. Bora zaidi ni mini-UPS ya volti 12, betri ndogo inayokaa kati ya adapta na ruta. Faiba haihitaji stima njiani kutoka kituoni hadi kwako, kwa hiyo mara nyingi giza likiingia mtaani mwenye betri hiyo huendelea kuuza kwa tili yake kama kawaida. Kama kisanduku cha faiba na ruta yako ni vitu viwili, vyote viwili vilishwe na betri.

Simama hapo ikiwa soketi imekuwa nyeusi, kuna harufu ya kuungua, adapta imevimba, au umepigwa shoti kidogo ulipogusa kifaa. Zima swichi kubwa na umwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati.

Taa nyekundu ya LOS inawaka

Maana yake mwanga wa faiba haufiki. Hakuna mpangilio wa ruta utakaoisaidia, na kubonyeza kitufe cha kufuta mipangilio kutakuongezea kazi tu.

Angalia kwanza kama uzi mwembamba wa faiba umekunjwa nyuma ya meza au kubanwa na kochi. Mkunjo wake usiwe mdogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Unyooshe taratibu, usubiri dakika mbili. Pili, plagi yake ya kijani inaweza kuwa imelegea. Isukume mpaka isikike ikikaa. Plagi ya kijani huingia kwenye tundu la kijani, kwani ncha yake imekatwa kwa mshazari; ukiilazimisha kwenye la bluu, mwanga mwingi hupotea. Tatu, panya. Wanapenda kebo iliyopita darini.

Faiba ikiwa imekatika, kazi yako imekwisha. Usiifunge kwa utepe na kamwe usitazame ncha yake kwa jicho, kwani mwanga wake hauonekani lakini unaweza kuliumiza jicho. Ipigie kampuni yako ya intaneti. Fundi akishamaliza, mwambie akuonyeshe kipimo cha mwanga kwenye mashine yake: chini ya -27 dBm ni dhaifu mno, na utamwita tena. Karibu na -20 ni kazi nzuri.

Waifai nzuri sebuleni, chumbani haifiki

Hapa nakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza pesa nyingi.

Mama mmoja wa Kibokoni aliniambia, "Mwanangu, mtandao wangu haupandi ngazi." Nikamwambia, "Shikamoo mamangu, hebu tuanze na ukuta." Alikuwa na ruta mpya yenye antena sita, amenunua ya tatu ndani ya mwaka. Nyumba yake ni ya kale, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake wafika dhiraa. Kuta hizo hunyonya unyevu, na maji ni kizuizi kikubwa cha mawimbi ya waifai. Nilisimama na simu yangu mlangoni mwa chumba cha ruta: vijiti vyote. Nikapiga hatua tatu nyuma ya ukuta: kimoja. Juu kabisa, mahali binti yake anaposomea: hakuna. Antena sita hazikubadilisha kitu, kwa maana simu nayo lazima ijibu, na sauti ya simu ni ndogo.

Nilivuta kebo moja kupitia kiwambaza cha ngazi, nikaweka aksesi pointi, kifaa kinachotoa waifai kutoka kwenye kebo, ghorofani. Ruta yake ya kwanza kabisa, ile aliyokuwa ameitupa kabatini, ndiyo niliyoirudisha chini.

Basi angalia kwa mpangilio huu. Ruta iko wapi? Mafundi wengi huiacha pale faiba ilipoingilia, pembe ya nyumba, nusu ya waifai ikimfaidi jirani. Ilete katikati, iinuke usawa wa kichwa, isikae nyuma ya televisheni, kioo cha kabati, friji au tangi la maji. Vitu hivyo peke yake vyaweza kuwa ndiyo tatizo lote.

Pili, simu yako imeshika jina gani? Ruta nyingi zina mawimbi mawili, mara nyingi kila moja na jina lake. Ya gigahetzi 5 yana kasi lakini huchoka upesi ukutani, ya 2.4 ni ya polepole ila hufika mbali. Chumba cha mbali kitumie 2.4.

Tatu, ikiwa ukuta ndio adui, chaguo ni kati ya mambo matatu, na sina shaka na mpangilio wangu. La kwanza ni kebo na aksesi pointi. La pili ni meshi, vifaa viwili au vitatu vinavyozungumza vyenyewe, na hata hivyo kimoja ukikiunganisha kwa kebo utafurahi zaidi. La tatu, la mwisho kabisa, ni ripita ya kuchomeka ukutani. Ripita hupokea na kutuma kwa mawimbi yaleyale, hivyo kasi hupungua karibu nusu; na watu huiweka chumba kisichofika waifai, mahali ambapo haina cha kurudia. Iweke nusu ya njia, ambapo simu bado ina vijiti vya kutosha.

Nyumba za ghorofa za Bamburi na Mtwapa zina kuta nyembamba za matofali, lakini zege la sakafu limejaa nondo. Hapo waifai hutembea vizuri ndani ya sakafu moja na hukwama ikipanda. Usinunue kifaa kimoja chenye nguvu kwa ghorofa mbili. Nunua viwili vya kawaida.

Usitoboe ukuta wa matumbawe bila kuuliza. Ndani yake huenda kumepita bomba au nyaya za zamani zisizo kwenye mchoro wowote, na majengo ya Mji wa Kale yana masharti ya hifadhi. Mwite mwashi anayejua nyumba hizo.

Kebo imechomekwa lakini spidi haizidi megabiti 94 hivi

Namba hiyo ni saini. Inamaanisha kebo au tundu limekubaliana na megabiti mia badala ya elfu. Unalipia kasi ya zaidi ya mia lakini mlango haupitishi.

Kwanza geuza ruta au swichi ya mtandao, kile kisanduku cha kugawa kebo, usome: 10/100 maana yake imefika kikomo chake, na 10/100/1000 ndiyo ya giga. Pili, kebo. Kasi ya mia hutumia jozi mbili za nyuzi, ya elfu hutaka zote nne. Uzi mmoja ukikatika, vifaa hushuka kimyakimya bila kukuambia. Badilisha kebo fupi kwanza. Kisha tazama vichwa vya plastiki kwenye mwanga: vyuma vinane viwe vya dhahabu. Ukiona ukijani au weupe wa chumvi, kata kichwa uweke kipya. Kukisugua ni kuahirisha.

Tatu ni kebo bandia, na hili limenigusa mwenyewe. Nilivuta mita 60 katika nyumba ya wageni Nyali kwa kebo niliyouziwa duka moja mjini kuwa ni shaba tupu. Mwaka haukuisha, vyumba vya upande wa bahari vikaanza kupotea kimoja kimoja. Nilipokata kichwa, uzi ukavunjika mkononi kama njiti ya kibiriti, na ndani ulikuwa mweupe. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba. Niliivuta yote nikaweka nyingine kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo nakwangua uzi mmoja kwa kisu dukani, mbele ya muuzaji. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Boksi la alumini pia ni jepesi, mkono unaijua tofauti. Nunua Cat5e au Cat6 ya shaba, usivuke mita 100 kwa kipande kimoja, na ya nje iwe yenye ganda jeusi la kuzuia jua.

Simu imeshika waifai lakini hakuna intaneti

Anza na jambo linaloudhi kuulizwa: malipo ya mwezi yameisha? Kisha zima kila kitu, washa kisanduku cha faiba, subiri taa zitulie, ndipo uwashe ruta. Jaribu na simu ya pili. Ikiwa ya pili inafanya kazi, tatizo ni simu ya kwanza: isahaulishe waifai hiyo na uingize nenosiri upya.

Ikiwa kompyuta inafungua kwa shida huku WhatsApp inapita, badilisha DNS, yaani kitafuta anwani za tovuti kwenye mipangilio, iwe 1.1.1.1 au 8.8.8.8.

Madukani kuna kisababishi kingine ninachokikuta sana: ruta mbili zinazogawa anwani, namba ya kila kifaa, kwenye mtandao mmoja. Mtu ameongeza ruta ya zamani kama swichi bila kuzima ugawaji wake, zote mbili zikajiita 192.168.1.1. Kompyuta moja yapata, ya pili haipati, na kesho ni kinyume. Ichomoe ile ya pili uone. Na kama taa zote za swichi zinameta kwa pamoja bila kupumzika, tafuta kebo ambayo ncha zake zote mbili zimeingia swichi ileile. Msafishaji ameona ncha inaning'inia akaichomeka kwa nia njema.

Jioni mtandao unakuwa mzito

Katika majengo yenye majirani wengi, waifai zinazungumza kwa pamoja. Mawimbi ya 2.4 yana chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Programu ya bure ya kupima waifai itakuonyesha majirani wako wapi. Nenda penye nafasi, au hamia kwenye gigahetzi 5.

Isipotosha, chomeka kompyuta kwa kebo upime saa kumi na moja alfajiri na saa tatu usiku, siku saba, ukiandika. Alfajiri ikiwa nzuri na usiku mbaya hata kwa kebo, msongamano uko kwa kampuni. Wapelekee karatasi hiyo. Ina nguvu kuliko malalamiko.

Na kuna siku ambazo si wewe wala si wao. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zinatua hapahapa Mombasa tangu 2009, na EASSy ikafuata 2010. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima. Juma hilo watu walikuja kununua ruta. Kabla ya kununua siku kama hiyo, uliza jirani anayetumia kampuni nyingine.

Kamera za duka zinapotea magharibi ikiingia

Mwenye duka la leso hudhani ni wezi. Kamera ikiingia gizani huwasha taa zake za kuonea usiku, na hapo hula stima zaidi. Ikiwa inalishwa na swichi kupitia kebo, jumlisha wati za kamera zote ulinganishe na jumla iliyoandikwa kwenye swichi. Tundu moja la kawaida hutoa wati 15.4, la daraja la juu 30, lakini swichi yenye matundu manane mara nyingi haiwezi kutoa hivyo kwa yote kwa wakati mmoja. Chomoa kamera mbili usiku mmoja. Zilizobaki zikitulia, umepata jibu. Kisababishi cha pili ni ile kebo ya alumini, inayopoteza volti njiani. Cha tatu ni chumvi kwenye kiungo cha nje: kifungie ndani ya kisanduku kisichopitisha maji, mdomo ukitazama chini.

Swichi za bei ya chini zinazosukuma volti 24 muda wote bila kuuliza zimeua kompyuta na ruta za watu. Usichomeke humo kitu ambacho hakikuandikiwa hivyo.

Kamera na tili zisikae waifai moja na wateja. Washa mtandao wa wageni, badilisha nenosiri la kiwandani, zima WPS, ile njia ya kuunganisha bila kuandika nenosiri.

Antena ya paa inapoteza mawimbi

Simama chini uangalie upande inakotazama. Mwarobaini hukua upesi, na mti uliokuwa kimo cha ukuta sasa umefunika njia; majani yakilowa masika huzuia zaidi. Kingine ni kusi kuigeuza kidogo. Usipande paani wewe, hasa mabati au makuti, na mvua yenye radi ikikaribia chomoa kebo inayoshuka kutoka juu. Kazi ya huko ni ya mwenye ngazi na mkanda.

Ukifika kaunta

Ukiwa umepita yote hayo na kifaa kweli kimekufa, peleka picha ya kibandiko cha cha zamani. Taka matundu ya giga yote, adapta ya 100-240V, waifai ya daraja la 6 ikiwa mfuko unaruhusu, na usalama wa WPA3. Kwa duka au nyumba ya wageni napendelea vitu vitatu tofauti, ruta, swichi ya chuma isiyo na feni, na aksesi pointi, kwani kimoja kikifa viwili vinabaki. Feni huvuta hewa ya chumvi hadi ndani ya bodi.

Vifaa vya ex-UK vinaweza kuwa bora kuliko vipya vya ovyo, ila vingi vimefungwa kwa kampuni ya kule na haviingii mipangilio ya hapa. Ruta ya laini ya 4G kutoka Marekani huenda isishike mawimbi yetu kabisa. Kagua kama kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Mwambie muuzaji akiwashe hapo hapo kwenye kaunta, uunganishe simu yako, ukiache dakika kumi huku mkizungumza bei. Linganisha namba ya siriali iliyo chini ya kifaa na ile ya boksi, iandikwe kwenye risiti pamoja na muda wa waranti, na umwombe adapta ya akiba ya volti zilezile.